Jike Huyu, Dume Yupi? Kulinganisha madume kabla ya kuzalisha mbwa wa kuchunga kondoo

Ukiwauliza wafugaji wa mbwa wa kondoo ni dume gani bora msimu huu, watakutajia jina papo hapo: bingwa wa mwaka jana, au mtoto wa bingwa wa mwaka juzi. Jibu hilo limemsahau jike wako. Nusu ya urithi wa watoto hutoka kwa mama, na dume aliyezaa vizuri kwa jike wa jirani anaweza kukupa wewe mzao mzima wa mbwa wasioshikika. Kwa hiyo hapa nalinganisha madume wa aina mbalimbali kwa swali lilelile kila mara: huyu anamwongezea nini jike aliyepo, na anamharibia nini?

Nazungumzia Border Collie wa kazi, mbwa wa mpakani mwa Scotland na England, kwa sababu kumbukumbu za nasaba yake na kazi yake zimetunzwa kwa zaidi ya karne moja. Chama cha wafugaji wake, International Sheep Dog Society (ISDS), kilianzishwa mwaka 1906, na daftari lake la nasaba liliandikwa kwa ajili ya kazi, si kwa ajili ya sura. Masikio yaliyosimama au yaliyolala, manyoya marefu au mafupi: hayo hayamo katika ulinganisho huu. Rangi nayo haimo, isipokuwa moja nitakayoitaja mbele kwa sababu ya afya.

Anza na jike

Kabla ya kutazama dume yeyote, mpeleke jike kwenye kundi asilolizoea, mahali pasipo na ua wa kumsaidia, umtazame kana kwamba ni mbwa wa mtu mwingine. Mtume aende nyuma ya kondoo. Je, anapanua mzunguko wake mwenyewe, au anakata kona na kuwatimua kabla hajafika nyuma yao? Akishafika, kichwa kitashuka chini ya mabega, macho yatawakazia, na mguu mmoja wa mbele utabaki umekunjwa hewani. Hapo angalia anavyoitikia filimbi. Mwenye jicho la wastani (jicho ni ule mkazo wa kuwatazama kondoo) ataweka mguu chini na kusogea. Mwenye jicho kali kupita kiasi ataganda. Utapiga filimbi mara ya pili na ya tatu, naye yuko kwenye dunia yake na wale kondoo, hakusikii.

Kisha mjaribu kwa kondoo aliyezaa. Mama mwenye mtoto wa siku mbili hamkimbii mbwa. Anageuka, anainamisha kichwa, anapiga kwato chini. Sekunde chache zinazofuata hukueleza mengi kuliko cheti chochote. Mbwa mmoja atageuza uso pembeni na kujitia kunusa nyasi. Wa pili atamrukia na kung'ata sufu. Wa tatu atasimama imara, atapiga hatua moja ya taratibu, atasimama tena, mpaka yule kondoo akubali kugeuka na mtoto wake. Huyo wa tatu ndiye anayetafutwa na kila mchungaji, na walio naye ni wachache.

Andika ulichokiona: mambo mawili anayoyaweza sana na mawili yanayomshinda. Mfugaji asiyeweza kutaja upungufu wa jike wake bado hajafikia hatua ya kutafuta dume. Na kama upungufu wenyewe ni ukali kwa watu, au woga wa kupita kiasi, ushauri wangu ni kutomzalisha kabisa. Mzao mmoja hautoshi kufuta jambo hilo, na watoto watakwenda kwenye nyumba zenye watoto wa watu.

Roy na Meg, ulinganisho wa kwanza

Mfano bora wa kuoanisha ninaoujua ni wa zamani. Katika Northumberland, kaskazini mwa England, mfugaji Adam Telfer alikuwa na dume aliyeitwa Roy na jike aliyeitwa Meg. Roy alikuwa wa rangi tatu, mchangamfu, mwepesi kwa watu, lakini jicho lake kwa kondoo lilikuwa hafifu. Meg alikuwa mweusi, mwenye haya, na jicho lake lilikuwa kali mno kiasi cha kumnasa mwenyewe. Ukimchukua mmoja mmoja, mchungaji makini wa leo angesita: huyu ana pengo, na huyu ana ziada.

Mwaka 1893 wakamzaa Hemp. Alifanya kazi kimya, bila kubweka, kwa nguvu ambayo kondoo waliitii pasipo kuingiwa na hofu, na wachungaji waliomwona wakaanza kuwataka mbwa wanaofanya kazi kwa namna hiyo. Alikufa mwaka 1901, kabla chama hakijaanzishwa, lakini katika daftari la nasaba amewekwa kwa namba 9, na leo Border Collie karibu wote wana damu yake.

Wengi huishia hapo na kusema: basi, chukua kinyume na kinyume, utapata katikati. Mimi naisoma habari hiyo kwa uangalifu zaidi. Jina lililobaki ni la Hemp. Ndugu zake wa mzao uleule hawakuacha jina kama lake. Ukipandisha mbwa wa ncha moja kwa mbwa wa ncha ya pili, si kila mtoto atakuwa wa wastani. Mmoja atakuwa na jicho la mama na haya ya mama, mwingine ulegevu wa baba, na labda mmoja au wawili watakusanya mazuri ya pande zote. Telfer alikuwa na jicho la kumtambua yule mmoja na kondoo wa kumfundishia. Mfugaji anayeuza watoto wote wakiwa na majuma manane hana nafasi hiyo, kwa sababu kazi ya mbwa huonekana baada ya miezi mingi, wakati watoto wameshatawanyika.

Jicho kali au jicho legevu

Kwa sababu hiyo, jike akiwa kwenye ncha moja, mimi humtafutia dume aliye katikati, si aliye kwenye ncha ya pili. Maendeleo ni ya polepole, lakini mzao unafanana zaidi na watoto wengi wanafaa kazi.

Ukiweka jicho kali juu ya jicho kali unapata watoto wanaopendeza kutazama wakiwa na miezi sita: wananyata, wanalala, wanakazia hata kuku. Shida inakuja kwenye kundi zito la kondoo 100 lisilotaka kusogea. Mbwa wa namna hiyo hushikwa na kondoo mmoja wa pembeni, akaganda kumtazama, huku wengine 99 wakijichanganya na kwenda zao. Ukiweka ulegevu juu ya ulegevu unapata wanaochelewa kupata hamu ya kazi, wanaokaa karibu mno na kondoo, wanaobweka. Hao wana kazi yao, kwa mfano kujaza kondoo kwenye njia nyembamba za zizi au kupakia lori. Kwenye kilima kipana hawafai.

| Jike wako | Dume wa kumtafuta | Dume wa kumwepuka |
|---|---|---|
| Jicho kali, huganda | Jicho la wastani, husonga mbele bila kubembelezwa | Mwenye jicho kama lake, hata akiwa bingwa |
| Jicho legevu, hukaa karibu mno na kondoo | Mtulivu, mwenye mzunguko mpana wa kuzaliwa nao | Mwenye kasi kuliko akili, mwenye kubweka |
| Hurudi nyuma kondoo akimkabili | Mwenye uthubutu wa kutembea usoni mwa kondoo bila kung'ata | Mng'ataji, maana kung'ata mara nyingi ni woga |
| Mgumu mkononi, haachi kondoo | Msikivu, husimama kwa neno moja | Mwenye nguvu anayeshikika kwa mkufunzi hodari peke yake |

Mstari wa tatu ndio unaowaponza wengi. Mwenye jike mwoga humwona dume anayewarukia kondoo akasema, "Huyu ana moyo." Mtazame mara nyingi. Dume mwenye moyo wa kweli huwa hana haraka. Kondoo akimpigia kwato anazidi kupunguza mwendo, na meno huyatumia mara moja tu, puani, kisha anaacha. Anayeng'ata miguu na mbavu kila kondoo anapogeuka hana imani na nafsi yake, na ukimleta kwa jike asiye na imani umeongeza upungufu uleule juu ya ule uliokuwapo.

Wenye kondoo Molo au Laikipia wanaosoma haya wajiulize kwanza kama jicho ndilo wanalolihitaji. Mbwa wa boma la Wamasai kazi yake ni kutoa sauti fisi anapokaribia. Kondoo wenyewe wanamfuata mchungaji. Huko Namibia, shirika la Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji mbwa walinzi wa asili ya Uturuki tangu mwaka 1994, na kwa mbwa wa namna hiyo kuwanyatia kondoo ni kasoro kubwa. Sifa inayomfanya Border Collie awe na thamani ndiyo ingemfukuzisha mlinzi kazi. Kama adui yako ni chui, madume wote ninaowalinganisha hapa hawakuhusu.

Bingwa wa mashindano au dume wa shambani

Hapa ndipo mabishano yalipo. Mashindano ya kwanza ya mbwa wa kondoo nchini Uingereza yalifanyika Bala, Wales, mwaka 1873, na mshindi alikuwa Mskoti James Thomson na mbwa wake Tweed. Tangu siku hizo wapo wanaoamini kwamba uwanjani ndipo mbwa hupimwa, na wapo wanaosema uwanja ni mchezo.

Mimi siudharau uwanja. Katika fainali ya mashindano ya kimataifa ya ISDS, mbwa hutumwa yadi 800 hivi, yaani zaidi ya mita 700, akawalete kondoo 10. Kisha anaambiwa awaache, ageuke, arudi nyuma kutafuta wengine 10 ambao pengine hata hajawaona. Baada ya kuwaswaga wote 20 kwenye malango, anatenganisha 15 wasio na kola na kubaki na 5 wenye kola, ambao anawaingiza zizini. Mbwa asiye na akili, pumzi na utii hawezi kuimaliza kazi hiyo. Kumwacha kondoo uliyemshika na kurudi nyuma kwa neno la mtu aliye mbali kiasi hicho ni jambo zito kwa mbwa, na uwezo wa kulifanya una sehemu yake ya urithi.

Lakini tazama uwanja usichokipima. Alama za kawaida za mashindano ya kitaifa zinatolewa kwa mzunguko wa kwenda nyuma ya kondoo (20), kuwainua, yaani kuwaanzisha mwendo (10), kuwaleta (20), kuwaswaga (30), kisha kutenganisha na kuingiza zizini. Hakuna alama ya kufanya kazi saa sita mfululizo kwenye tope. Hakuna alama ya kumkabili mama mwenye mtoto mchanga usiku wa mvua. Hakuna alama ya kutumia akili yake pale ambapo mchungaji yuko upande wa pili wa kilima na hamwoni. Na kubwa zaidi, matokeo ya siku ile yamechanganya mambo matatu: urithi wa mbwa, mafunzo yake na mkono wa mwenye filimbi. Watoto watarithi la kwanza peke yake.

Kwa hiyo nikimlinganisha bingwa na dume wa shambani, sihesabu vikombe. Nauliza watoto wake wako wapi na nani anawafanyisha kazi. Bingwa mwenye watoto wengi mikononi mwa wachungaji wa kawaida, watu wanaofundisha mbwa baada ya kukamua ng'ombe, na wale watoto wanafanya kazi, huyo ni dume wa kuzalisha. Bingwa ambaye watoto wake wazuri wote wako kwa wakufunzi wawili hodari ananitia mashaka: huenda anazaa mbwa wagumu wanaohitaji fundi.

Dume wa shambani ana faida ambayo bingwa hana. Unaweza kwenda kumtazama siku yoyote, bila taarifa ndefu, akiwa amechoka na amelowa. Unaweza kumwona mama yake, na mara nyingi mama wa dume hukuambia zaidi kuliko baba yake mwenye jina. Jirani ana binti yake, mwingine ana kaka yake, na ukoo mzima unaonekana ndani ya kata moja. Upungufu wake ni ushahidi. Mwenye mbwa atakusimulia mambo makubwa aliyoyafanya mwaka ule wa theluji, lakini vipimo vya afya havipo, na kumbukumbu za nasaba zina mapengo. Usimpandishe kwa ajili ya hadithi. Omba umwone akitenda kile ambacho jike wako hawezi.

Bei nayo ina sauti yake. Mwaka 2021 jike mmoja aliyeitwa Kim aliuzwa Wales kwa zaidi ya pauni 28,000 akiwa na mwaka mmoja tu, na habari za namna hiyo zinawasukuma watu kununua jina. Ada ya dume kwa kawaida hukaribia bei ya mtoto mmoja, au mwenye dume huchagua mtoto mmoja katika mzao. Tofauti ya ada kati ya bingwa na dume wa shambani ni ndogo ukilinganisha na miaka utakayotumia kulisha na kufundisha wanaozaliwa. Isikuamulie, ama kwa bei rahisi ama kwa bei ghali.

Damu ya karibu au ya mbali

Maji hufuata mkondo, na wafugaji wa zamani waliuchimba mkondo huo makusudi. Mfano unaotajwa zaidi ni dume Wiston Cap, aliyezaliwa mwaka 1963 na kushinda ubingwa wa kimataifa mwaka 1965, akiongozwa na Jock Richardson, kabla hajatimiza miaka miwili. Katika ukoo wake jina la Cap, mbwa wa mchungaji J. M. Wilson, linajirudia mara nyingi. Watoto wake watatu wakawa mabingwa wa kimataifa, na mbwa anayenyata kwenye nembo ya ISDS ni yeye. Damu iliyokusanywa vile ilimpa nguvu ya kuzaa watoto wanaofanana naye: watulivu, wasikivu, wenye mwendo wake.

Kwa kuwa kila mtu alimtaka, leo ni kazi kumpata Border Collie wa kazi ambaye Wiston Cap hayumo kwenye karatasi yake, mara nyingi kwa njia kadhaa. Hapo ndipo kuzalisha ndani ya ukoo kulikomfaa Richardson kunapotuwekea sisi mtego. Ukipandisha nusu-ndugu, au babu na mjukuu, mtoto ana uwezekano wa 12.5% katika kila jeni kupata nakala mbili zilezile kutoka kwa mzazi mmoja wa kale. Binamu wa kwanza ni 6.25%. Ndugu kamili, au baba na binti, ni 25%. Hesabu hizo zinadhania kwamba wazee wao hawakuwa na undugu, na kwa mbwa hawa hilo si kweli, kwa hiyo namba halisi huwa juu zaidi.

Damu ya karibu inakupa watoto wanaofanana, unajua unachokitarajia. Inafichua pia kasoro zilizojificha, inapunguza idadi ya watoto katika mzao, na kinga ya mwili hudhoofika kadiri vizazi vinavyoendelea hivyo. Damu ya mbali inakupa afya na nguvu, ila mzao huwa na watoto wa kila namna, na huwezi kuahidi mnunuzi chochote. Msimamo wangu: undugu wa binamu wa kwanza ndio mwisho, na uwe na sababu ya kazi unayoweza kuitaja kwa jina. "Wana babu mmoja maarufu" si sababu. "Babu huyo aliwapa watoto wake uthubutu ambao jike wangu ameupoteza" ni sababu. Mzao unaofuata utoke nje.

Kutoka nje kwenyewe kunahitaji macho. Madume wawili wanaweza kuwa na majina tofauti kwenye vizazi vitatu, kumbe kizazi cha tano na cha sita wote wanaangukia kwa mbwa walewale. Soma vizazi sita. ISDS imeacha pia mlango kwa mbwa asiye na karatasi: akithibitishwa kuwa na kazi bora na akapita vipimo vya afya, anaweza kuandikishwa kwa sifa zake. Hao ni wachache, lakini dume wa namna hiyo, aliyetoka kwenye bonde ambalo watu hawakujali karatasi, anaweza kuwa ndiye damu mpya uliyoitafuta.

Afya: pale ambapo hesabu haina mjadala

Katika kazi kuna hukumu ya macho. Katika magonjwa kadhaa ya kurithi kuna kipimo cha vinasaba, na kipimo hakibishaniwi. Kasoro ya macho iitwayo CEA huathiri tabaka la nyuma ya jicho na katika hali mbaya hupofusha. TNS huzuia chembe nyeupe za damu zisitoke kwenye uboho, na mtoto huugua mfululizo mpaka afe, mara nyingi akiwa bado mdogo sana. CL huharibu ubongo na neva. Mtoto hukua vizuri, anapendwa, anaanza mafunzo, kisha kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu anapoteza mwendo na akili, na hakuna tiba. IGS humfanya ashindwe kufyonza vitamini B12, na ataishi kwa sindano.

Yote hayo hurithiwa kwa namna moja: mtoto huugua akipata nakala mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili. Mbebaji ana nakala moja na haumwi. Mbebaji akipandishwa na aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua, ila nusu yao kwa wastani watakuwa wabebaji. Mbebaji kwa mbebaji, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Kwa hiyo swali kuhusu dume halihusu tu kama yeye ni safi. Linahusu kama kila alichobeba jike yeye hajakibeba. Wapo wanaomkataa dume yeyote mbebaji. Naona wanakosea. Ukiwatupa wabebaji wote unautupa uthubutu, mzunguko mzuri na damu ya nadra pamoja nao, na wanaobaki wanazidi kuwa ndugu. Mtumie mbebaji kwa jike aliye safi, wapime watoto, na uendelee na walio safi.

Nyonga hazina kipimo cha namna hiyo. Ni eksirei na daktari wa mifugo. Kifafa nacho hakina kipimo cha kutegemea, na hapo uchunguzi wako ni maneno ya watu: uliza kuhusu ndugu wa dume, si dume peke yake, na uliza wenye watoto wake, si mwenye dume. Kuna pia hali ya mbwa kuyumba na kuanguka baada ya dakika chache za kazi kali, hasa penye joto. Wataalamu wanaiona katika baadhi ya koo, na jeni lake moja halijapatikana. Anayetaka kufanyisha mbwa hawa kazi Laikipia au kwenye mashamba ya Ghuba asikubali dume ambaye ndugu zake wana historia hiyo, hata akiwa na sifa zote za dunia.

Rangi niliyoahidi kuitaja ni ile ya madoa ya kijivu au buluu iitwayo merle. Usipandishe merle kwa merle. Kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili, na hao mara nyingi huzaliwa viziwi, au na macho mabovu, au vyote viwili.

Kijana au mzee

Dume wa miaka minane amekwisha kukuonyesha kila kitu: kama viungo vyake vimedumu, kama ana kifafa, kama watoto wake wanafanya kazi. Mbegu zake huenda zimepungua, basi omba zipimwe kabla hujasafiri. Kijana wa miaka miwili ni ahadi. Nikilazimika kumtumia kijana nataka baba yake na mama yake wote wawe hai, nao bado wanafanya kazi nikawaone.

Madume watatu mbele ya jike mmoja

Tuseme jike ana miaka minne. Mzunguko wake ni mpana na mzuri, jicho lake ni kali kidogo kuzidi, anasita kondoo mkaidi akimkabili, na ni mbebaji wa CEA. Dume wa kwanza ni bingwa, msafi kwa vipimo vyote, ana jicho kali, na baba yake ni babu wa jike. Wa pili ni dume wa kilimani mwenye miaka saba, jicho la wastani, kondoo wanamheshimu, watoto wake wanasifiwa; naye ni mbebaji wa CEA. Wa tatu ni mtoto wa huyo wa pili, ana miaka mitatu, ni safi, msimu wa kondoo kuzaa ameufanyia kazi mara mbili, ila ni mgumu kidogo kusimama akiamrishwa.

Wa kwanza namwacha bila kusita. Anaongeza jicho palipo na jicho la ziada, undugu umefika mpaka wa mwisho bila sababu ya kazi, na sijaonyeshwa kwamba atatia uthubutu. Usafi wake wa vipimo hauzibi hayo. Wa pili kwa kazi ndiye bora wa wote, na kama jike angekuwa safi ningempandisha kesho. Mbebaji kwa mbebaji sikubali. Ninamchukua wa tatu. Ugumu wake wa kusimama unanihangaisha, lakini jike wetu ni msikivu, na ugumu kiasi kwa upande wa baba unavumilika pale ambapo mama anaegemea kusita. Kabla ya kutoa ada ningeomba nimwone akiwatenganisha kondoo wachache kwenye kundi dogo, mahali pa karibu, ambapo mbwa mgumu hawezi kujificha nyuma ya mbio.

Ukishaamua, mpeleke jike kwa daktari mapema katika siku zake za joto apimwe homoni ya projesteroni, maana siku inayofaa hutofautiana kati ya jike na jike, na wengi wanaosema dume hazai walikuwa wamefika siku isiyo yake. Mimba huchukua siku 63 hivi. Watoto wapimwe macho wakiwa na majuma matano hadi manane, kwa sababu CEA nyepesi hufunikwa baadaye rangi ya jicho inapojaa, ikawa vigumu kuiona kwa kumulika.

Weka namba za simu za wanunuzi wote. Watoto wakifika miezi 18 wapigie mmoja mmoja, ukawatazame wakiwa kazini, hasa wale ambao wenyewe hawakusifu. Jike huyu na dume yuleyule wasirudiwe kabla hujawaona hao.